Nyumba ya Udongo ya Mdogo Wangu

Siku tuliyomzika mdogo wangu, kule kijijini upande wa Mgori, watoto walikuwa nyuma ya nyumba wakicheza msiba. Haki ya Mungu nakwambia. Sisi watu wazima tumekaa mbele chini ya turubai tukisubiri chakula, wao wamefinyanga kaburi la udongo la ukubwa wa kiganja na kulipamba kwa vipande vya chupa. Mmoja amejitanda kanga ya mama yake, ndiye mfiwa. Mwingine ameshika gunzi mdomoni, ndicho kipaza sauti, anatangaza, "Ndugu waombolezaji, wale wa Ilongero gari lenu linataka kuondoka." Nilicheka, rafiki yangu, na machozi hayajakauka usoni.

Mara akatokea mama mmoja na fimbo. "Nyie watoto! Mnatuletea uchuro hapa? Mnataka afe nani tena?" Wakatawanyika kama vifaranga, na mmoja katika kukimbia akalikanyaga lile kaburi.

Mama yule ni mgeni pale, ameolewa juzi juzi tu, simlaumu. Hakujua kwamba neno hilo, uchuro, ndilo lililomtafuna marehemu tuliyetoka kumfukia. Lilimwanza akiwa mtoto mdogo wa kupangusa kamasi, na lilimwanzia mchezoni. Kaa basi nikusimulie, maana nikifa na mimi hakuna atakayebaki kulisema.

Zamani sisi hatukuishi kijijini. Vijana wa leo wanadhani watu wote walizaliwa mahali ambapo jirani akipiga chafya unamsikia. Kwetu kila boma lilikuwa peke yake katikati ya mashamba yake ya uwele na mtama, na ukitumwa moto kwa jirani ulikuwa unafika umeshasahau ulichofuata. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ndefu na ya chini, paa lake bapa la udongo. Mbuzi walipanda juu wakawa wanatutazama tukila ugali wa uwele na mlenda. Baba alikwenda Tanga kukata mkonge mdogo wangu akiwa bado ananyonya, akawa mtu wa kusimuliwa. Nyumbani tulibaki bibi, ambaye ndiye aliyemzaa baba, na mama, na mimi, na mdogo wangu.

Kazi za mtoto zilikuwepo na usifikiri zilikuwa chache. Kuamia ndege shambani uwele ukianza kuiva, kuchunga ndama, kuchota maji, kushika mchi mrefu kukuzidi. Lakini kati ya kazi na kazi tulicheza, na mchezo wetu mkubwa ulikuwa kujenga. Wavulana walifinyanga ng'ombe, wakawachomekea pembe za miiba. Sisi wasichana tulijenga matembe ya kufika magotini, tukawaweka ndani watu wa magunzi, baba, mama, bibi na watoto, kila mmoja na mahali pake pa kulala.

Na bibi alikuja kututembelea. Alikuja kweli kweli, na mkongojo wake, akasimama mbele ya nyumba isiyomfikia goti akapiga hodi. Tukimkaribisha anakaa, anapewa ugali wa matope, anautafuna hewani, halafu anasema mboga haina chumvi. Kisha uso unabadilika, anaanza ukaguzi. Mlango huu unautazama upepo, mtalala na vumbi. Nguzo hii mbichi, itapinda. "Nyumba si ukuta," alikuwa akisema kwa Kinyaturu chake, maana Kiswahili hakukijua ila salamu, "nyumba ni paa." Hapo anachukua kibuyu, anamwaga maji juu ya paa letu, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu. Likiporomoka anapiga makofi. "Mmekufa wote! Haya, anzeni tena." Tulicheka mpaka tukalala chini. Kufa kulikuwa ni kuanza tena.

Hakuna mtu aliyetukalisha kutufundisha ujenzi, lakini tulijua. Tulijua fito hukatwa mapema zikauke, halafu zinakuja nyasi, nyingi, zilizolazwa vizuri, halafu ndipo udongo. Na udongo wenyewe si wowote: ni wa kichuguu, mkavu, tabaka jembamba, upigwe, uachwe upumzike, ndipo uongezewe mwingine. Haya mambo hufanywa kiangazi, mtu hana haraka. Mdogo wangu alikuwa kichaa wa mchezo huo. Akijenga alitoa ulimi nje upande mmoja, ukimwita hasikii, na mwisho nyumba zake bibi alizimwagia kibuyu kizima zikabaki zimesimama. Mikono ile, acha tu.

Kisha ikaja Operesheni, ile ya serikali ya kuwakusanya watu kwenye vijiji, tukahamishwa. Siku ya lori letu kijana mmoja wa mgambo alimkuta bibi mlangoni, akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Ndipo kijana akapanda juu ya paa akaanza kung'oa. Ndivyo adabu ya kwetu ilivyo, hata anayekubomolea anakuamkia kwanza. Bibi aliomba jambo moja tu, wakanyage polepole. Nilimwona mdogo wangu akitazama jinsi tabaka zinavyotoka, udongo, nyasi, fito. Nyasi za ndani zilikuwa kavu kabisa, za rangi ya dhahabu, mvua za miaka yote ile hazikuwahi kuzifikia.

Huko tulikopelekwa viwanja vilikuwa vimepangwa kwa mistari, kila kaya na kigingi chake, na kiangazi ndicho hicho kinaisha. Watu wengi wameletwa kwa pamoja, wote wanataka miti, wote wanataka nyasi. Kwa hiyo miti ikakatwa mibichi, na nyasi zikaisha kabla nusu ya watu hawajapata. Tulilala kwenye vibanda vya matawi. Mwaka ule ulikuwa na njaa, na tukatangaziwa kwamba unga wa msaada utatolewa kwa kaya zenye nyumba, na wakaguzi wanakuja. Wewe ungefanyaje, na mume wako yuko Tanga, na mkwe wako magoti hayamnyanyui, na una watoto wawili wanaolia njaa?

Jirani yetu alikuwa mzee fundi, mtu mwema, simsemi vibaya. Aliwasaidia wanawake wote waliokuwa peke yao bila kudai kitu. Ila naye alikuwa anakimbizwa na siku kama wengine. "Tupachike tu," alikuwa akisema, "kiangazi kijacho tutarekebisha." Nyasi hazipo? Tuongeze udongo. Wa kichuguu uko mbali? Tuchimbe huu mwekundu wa hapa hapa. Mama aliubeba kichwani kwa kikapu tangu asubuhi mpaka jua linazama, mbichi, unamchuruzikia shingoni, na mzee fundi akautandaza juu ya fito mbichi, mzito wa kina cha mkono.

Sisi watoto tulikuwa tunacheza tu. Mtoto humzuii. Wavulana walianzisha mchezo wa Operesheni, mmoja ni lori, analia honi kwa mdomo, wengine mgambo, wanakuja kubomoa nyumba za wasichana. Walianza kwa kutuamkia, haki ya nani, "Shikamoo, bibi," halafu teke. Mdogo wangu hakulia walipombomolea. Alikwenda kando ya ile nyumba yetu mpya akaanza kujenga nyingine, ila safari hii hakujenga ya bibi. Alijenga hii hii anayoiona: vijiti vibichi, nyasi za kuhesabu, tope jingi jekundu. Akaweka watu wake wa magunzi ndani. Akachukua kopo la maji akamwaga.

Alimfuata mama pale pale alipo, mikono yote tope. "Mama, nyumba yetu itaanguka. Tumekufa wote."

Alisema vile kwa sababu ndivyo mchezo ulivyosema. Lakini mke wa fundi alikuwa karibu, anasaidia kubeba maji, akasikia. "Weee! Funga domo lako! Mdomo huumba, wewe mtoto!" Mama akatua kikapu, akamnasa kofi. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Nadhani alikuwa na njaa na uchovu na woga, vyote kwa pamoja, na kofi likatoka.

Bibi alikuwa ameketi kibandani. Akamwita mtoto, akamshika mikono, akamuuliza ameweka nini kwanza, nini juu, maji kiasi gani. Kisha akamwambia mama, "Mwanangu, teremsha huo udongo. Mtoto amepima."

"Mama, nikiteremsha tutakula nini?" mama akasema. "Wanakuja keshokutwa kukagua."

Mzee fundi akacheka kule juu, bila ubaya, "Aa, mama, sasa ndio tufundishwe kujenga na watoto wa kuchezea matope?" Waliokuwepo wakacheka wote, nami nikacheka kwa kuwa watu wazima wamecheka. Bibi hakurudia. Mgeni kwenye mstari ule alikuwa kila mtu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Wakaguzi walikuja, wakatazama, wakapita. Unga tukapewa. Nilikula ugali ule wa njano nikaona mama alikuwa na haki.

Mvua za kwanza zilikuwa manyunyu, paa likavumilia. Mke wa fundi alikuwa akipita anamtania mdogo wangu, "Enhe, fundi mdogo, imeanguka?" Mdogo wangu alikuwa anatazama paa tu. Alianza kulala karibu na mlango, ukimvuta ndani anarudi. Udongo ule ukinyeshewa unakunywa, haukauki, unazidi uzito siku kwa siku, na chini yake mti mbichi unapinda taratibu. Hayo najua sasa. Hata wakati ule tulijua, sisi watoto, ila kujua kwetu kulikuwa kwa mchezo, na vya mchezo havihesabiwi.

Siku yenyewe mimi na mama tulikuwa shamba la ujamaa, tunapalilia. Bibi alibaki nyumbani na mdogo wangu kwa sababu ya magoti. Alasiri mvua ikashuka, si ya kunyesha, ya kumwaga. Tulijibanza chini ya miti na majembe yetu. Ilipopungua kidogo tukasikia yowe kutoka kijijini, mama akaanza kukimbia kabla hajajua ni kwa nani. Nyumba ilikuwa imekaa chini. Kuta zimebaki nusu, katikati rundo la udongo mwekundu, na wanaume wanachimba kwa majembe na mikono.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nje, mvua inampiga, kando ya kijumba chake cha udongo. Mikono yote tope. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa yameganda pale palipokuwa na mlango.

Bibi alitolewa amekufa. Bado yuko chini, hajafunikwa vizuri, mke wa fundi akamgeukia mtoto. "Huyu alijuaje akatoka? Mvua yote hii, mtoto akae nje, bibi yake yuko ndani? Alijuaje?"

Watu wakageuka wote wakamtazama. Na swali lile, rafiki yangu, halikumtoka tena mpaka kaburini. Alijuaje. Kila aliyemuuliza alimuuliza hilo, naye hakulijibu hata mara moja, na kutojibu kukawa ushahidi. Nyumba nyingine nazo ziliporomoka masika hayo hayo, kule mistari ya chini, watu ambao mdogo wangu hakuwajua hata sura. Nazo wakamhesabia yeye. Miti mibichi hakuna aliyeitaja. Walimwita Mchuro, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa kawaida tu, kama jina alilopewa na wazazi.

Mama hakuwahi kumwita hivyo. Lakini hakumkataza mtu pia. Mdogo wangu akimletea maji mama alipokea, akasema ahsante, akayaweka chini, akanywa ya kwake mwenyewe baadaye. Nilimchukia mama kwa jambo hilo miaka mingi. Sasa nimezeeka namwelewa, ingawa kumwelewa hakunipozi. Udongo ule aliubeba yeye kichwani mwake. Mzigo huo angemtwisha nani? Fundi alikwisha acha kujenga, anakunywa pombe toka asubuhi, humwoni akiinua uso. Serikali iko mbali, na ilipita na lori lake. Mtoto ndiye aliyekuwa karibu, tena mdogo, asiyejua kujitetea.

Watoto wakakatazwa kucheza naye. Tukicheza mdako, yeye akisogea tu, mawe yanaokotwa, mchezo umekwisha, kila mtu ametumwa na mama yake. Hakugombana. Alianza kukaa amekalia mikono yake, hivi, viganja chini ya mapaja, kama anayeiwekea ulinzi isije ikafanya kitu. Alipopelekwa darasa la kwanza, mwalimu alifundisha hesabu kwa vijiti na visoda. Wenzake wanavipanga, wanavigawa, wanaibiana, wanacheka, na hesabu zinaingia zenyewe. Yeye hakuvigusa. Mwalimu akadhani ni mzito wa kichwa, akamchapa, na yeye akachapwa bila kutoa mikono. Yule mtoto aliyejua paa linabeba maji kiasi gani! Hakufika mbali shuleni. Nikisikia mtu anasema mchezo ni kupoteza wakati huwa nanyamaza, maana nikifungua kinywa nitamtukana.

Mimi sikunyang'anywa mchezo, nikaendelea kucheza mpaka nikaota matiti. Nimeishi mjini Singida nikiuza alizeti, nikajenga nyumba yangu, na siku mafundi walipomaliza bati niliwaambia hamshuki huko, nikapandisha ndoo za maji nikawaamuru wamwage. Walidhani nimerukwa na akili. Mpaka leo wakinikuta sokoni wananiita Mama Mvua. Wacheke tu. Palivuja sehemu moja, wakaziba mbele ya macho yangu.

Yeye aliolewa mbali, huko Iramba, ambako jina lile halikuwa limefika, akazaa watoto, akafiwa na mume, akarudi kwetu. Alikuwa mchapakazi sana. Ila uwanja wake aliufagia kila asubuhi, na baada ya mvua aliufagia mara mbili, na akikuta mtoto amejenga kijumba cha matope anakiponda kwa kisigino. Hakuponda kwa hasira. Alifanya kama mtu anayezima kaa la moto lililoruka. Wanawe wamekua hawajui kuchezea udongo. Mmoja aliniambia siku moja, "Mama mkubwa, mama yetu hajawahi kucheza nasi, hata kutukimbiza tu."

Na vyote vile vimekwisha. Boma letu la zamani sasa ni mahame, nilipita nikakuta alizeti ya watu wengine imetazama juu pale alipokuwa akilala bibi. Matembe yamebaki ya kuhesabu, wenye nayo wanayaonea aibu. Mke wa fundi amekufa, mama amekufa, mistari ile ya vigingi imegeuka mtaa wenye maduka na nyaya za umeme. Waliomwita mdogo wangu jina lile wengi hawakumbuki tena kwa nini walimwita. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Walilisahau bure, wakamwachia yeye peke yake kulikumbuka.

Miezi michache kabla hajafa nilikwenda kumuuguza. Alikuwa amekonda, amelala ubavu, mikono ameificha chini ya shuka. Nikajikuta naona kwamba katika maisha yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jambo lingine ila lile moja, alijuaje. Nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile ya bibi, ilikuwaje?"

Nilidhani hatajibu, nikainuka nimchemshie uji.

"Bibi alisikia nguzo inalia," akasema. "Nikamshika mkono nimvute, hakuweza kuinuka. Nikavuta tena, akanisukuma. Akaniambia, toka nje ukacheze. Cheza tu, mjukuu wangu, usiingie humu mpaka nikuite."

Nikakaa chini tena.

"Basi nikacheza, dada. Na mvua ile ile, nikacheza. Hakuniita."